Kwa nini maji yetu yalichemka kwenye nyuzi 94, na joto la dakika 12 lilikwenda wapi?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na shule yetu iko Mbeya mjini. Katika zoezi la maabara tulipasha gramu 200 za maji ndani ya bika kwa taa ya spiriti, tukawa tunaandika namba ya kipimajoto kila dakika. Maji yalianza na nyuzi 20, baada ya dakika 10 yakafika nyuzi 94 na kuanza kuchemka, kisha namba ikagoma kupanda kwa dakika 12 zote zilizofuata, ingawa hatukupunguza moto. Tulipopima tena, zilibaki gramu 170. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100, na wenzangu wanataka tuandike 100 kwenye ripoti. Je, kipimajoto chetu ni kibovu? Na joto la zile dakika 12 lilikwenda wapi?

Jibu: Marahaba, na ninakushukuru kwa kuleta swali pamoja na namba zake zote, kwa sababu bila zile gramu 170 za mwisho nisingeweza kukujibu sehemu ya pili kwa hesabu.

Naanza na ripoti, kwa kuwa ndiyo inayosubiri. Andikeni 94. Hicho ndicho mlichokisoma, na kama nitakavyoonyesha, kinakaribiana sana na kile ambacho maji ya Mbeya yanapaswa kuonyesha. Mkikifuta ili kifanane na kitabu, mtakuwa mmefuta kitu cha pekee ambacho zoezi lenu limekigundua kuhusu mahali mnapoishi. Nimesahihisha madaftari ya maabara kwa miaka mingi, na nimewahi kukutana na darasa zima, katika shule iliyo juu milimani, ambalo kila kikundi kilikuwa kimeandika 100. Iliniuma, kwa sababu nilijua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona namba hiyo kwenye kioo cha kipimajoto. Walikuwa wamezoezwa kuamini kwamba kitabu kikitofautiana na chombo, basi chombo ndicho kilichokosea.

Kitabu nacho hakijakosea, ila sentensi yake imekatwa katikati. Sentensi kamili husema kwamba maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale mgandamizo wa hewa unapokuwa kilopaskali 101.3, yaani mgandamizo wa wastani wa usawa wa bahari, ule ambao barometa ya zebaki huuonyesha kwa safu yenye kimo cha milimita 760. Anayefundisha Tanga au Mtwara anaweza kuikata sentensi hiyo asipate hasara yoyote, lakini anayefundisha Mbeya, Njombe au Sumbawanga hawezi.

Ili uone namna mgandamizo wa hewa unavyoingia katika habari za sufuria na moto, inabidi kwanza tutazame kuchemka ni nini. Maji huvukizwa wakati wote, hata yakiwa ya baridi, kwa sababu baadhi ya molekuli zilizo juu huwa na mwendo wa kutosha kujichomoa kutoka kwa wenzake na kuingia hewani kama mvuke. Mvuke huo una msukumo wake, na msukumo huo hukua haraka kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto: kwa nyuzi 20 ni kilopaskali 2.3 tu, kwa nyuzi 60 ni karibu 20, kwa nyuzi 90 umeshafika 70, na kwa nyuzi 100 unatimia 101.3. Maadamu msukumo wa mvuke ni mdogo kuliko mgandamizo wa hewa iliyoyakalia maji, kiputo cha mvuke hakiwezi kudumu ndani ya maji, maana hubanwa na kutoweka kabla hakijakua. Ndiyo maana birika huguna na kuvuma muda mfupi kabla ya kuchemka: viputo huzaliwa chini kabisa panapopata moto, hupanda na kukuta maji ambayo bado hayajafikia kiwango chake, kisha hubanwa na kusambaratika kwa maelfu. Msukumo wa mvuke unapolingana na mgandamizo wa hewa, viputo hukua, hupanda mpaka juu na kutoka vikiwa vizima, na birika hubadili sauti. Hapo ndipo tunaposema kwamba maji yanachemka.

Kwa hiyo kiwango cha kuchemka hupangwa na pande mbili, maji yenyewe na hewa iliyo juu yake. Hewa ina uzito, na anayeishi mahali pa juu amebakiwa na hewa pungufu juu ya kichwa chake kuliko anayeishi pwani. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako mgandamizo wa hewa ni takribani kilopaskali 83, na msukumo wa mvuke wa maji hufikia kilopaskali 83 kwenye nyuzi 94 na nusu hivi. Kwa makadirio ya haraka, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Jaribu mwenyewe ndani ya mkoa wako: Kyela, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya huko huchemka kwa nyuzi 98 na kidogo, ukipanda mpaka uwanda wa Kitulo, ambao uko karibu na mita 2,600, yatachemka kwa nyuzi 91. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, yatachemka kwa nyuzi 80 tu.

Inafaa kujua kwamba jambo hili lilifahamika tangu mwanzo wa kipimo chenyewe. Anders Celsius, mwanasayansi wa Uppsala nchini Sweden, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742, alilazimika kueleza kwamba maji yachemshwe chini ya mgandamizo maalumu wa hewa, kwa kuwa alikwishaona kwamba barometa ikishuka, kiwango cha kuchemka nacho hushuka. Yeye aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Namba ziligeuzwa kuwa kama tunavyozijua leo baada ya kufariki kwake mwaka 1744. Siku hizi nyuzi hazipatikani tena kwa kuchemsha maji. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kipimo cha halijoto, sawa na kilogramu, kimefungwa kwenye namba za maumbile zisizobadilika. Vipimo makini vya siku hizi vinaonyesha kwamba hata kwenye mgandamizo kamili wa usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 99.97, wala si 100 kamili.

Sasa nirudi kwenye kipimajoto chenu, kwa sababu hujakosea kukishuku. Kwamba namba inalingana na mwinuko wa Mbeya hakuthibitishi peke yake kwamba chombo ni kizima; huenda kinakosea kwa nyuzi mbili na mkapata bahati ya makosa mawili kufutana. Kuna njia nyepesi ya kukipima. Chukueni barafu iliyotengenezwa kwa maji safi, ivunjeni vipande vidogo, ijazeni kwenye kikombe, mimineni maji safi ya baridi mpaka yajaze nafasi zilizo kati ya vipande, koroga, ingiza kipimajoto na usubiri dakika tatu au nne. Kinapaswa kusoma 0. Uzuri wa barafu ni kwamba kiwango chake cha kuyeyuka karibu hakiguswi kabisa na mgandamizo wa hewa: kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya hakibadiliki hata kwa sehemu moja ya mia ya nyuzi. Kwa hiyo barafu inawapa namba mnayoweza kuiamini popote mlipo, wakati maji yanayochemka yanawapa namba ambayo lazima muikokotoe kwa mwinuko. Kipimajoto kikisoma 0 kwenye barafu na 94 au 95 kwenye maji ya Mbeya yanayochemka, kitumieni bila wasiwasi. Kikisoma 2 kwenye barafu, basi kina kosa la kudumu, na kosa la namna hiyo haliondoki kwa kurudia kipimo mara mia, maana kila mara litarudi na ukubwa uleule.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochanganya mambo mawili. Vipimo vinavyokaribiana vyenyewe kwa vyenyewe ni kitu kimoja, na vipimo vinavyoukaribia ukweli ni kitu kingine. Kikundi kinachopata 96.0, 96.1 na 96.0 kwa maji yaleyale yanayochemka Mbeya kina mkono usiotetereka na chombo kilichokosea. Kikundi kinachopata 93, 95 na 96 kina mkono unaotetereka, lakini wastani wake, ambao ni karibu 94.7, uko karibu zaidi na ukweli. Kurudia kunasaidia kupunguza kutetereka. Kosa la chombo huondolewa kwa kukilinganisha chombo na kitu kinachojulikana, kama barafu.

Kipimajoto cha kioo kina njia zake nyingine za kudanganya. Ukikisoma jicho likiwa juu au chini ya usawa wa kimiminika kilichomo ndani yake, utaona namba ya pembeni. Tumbo la kipimajoto likigusa sakafu ya bika, ambako moto unapiga moja kwa moja, kitasoma juu kuliko maji yalivyo. Sehemu kubwa ya mrija ikibaki nje kwenye hewa ya baridi, kimiminika kilicho katika sehemu hiyo hakitanuki inavyopaswa na namba itakuwa pungufu kidogo, hasa kwa vipimajoto vya spiriti nyekundu ambavyo shule nyingi hutumia. Vilevile chunguzeni uzi wa spiriti hiyo, maana mara nyingi hukatika katikati wakati wa kusafirishwa na kuacha pengo dogo, na kila pengo ni kosa. Inawezekana kabisa kwamba ile nusu nyuzi iliyo kati ya 94 yenu na 94.5 niliyoikadiria imetokana na mrija kubaki nje, au na makadirio yangu ya mwinuko wa shule yenu, au na hali ya hewa ya siku hiyo. Kipimajoto kilichochorwa mstari kwa kila nyuzi moja hakiwezi kuamua ugomvi wa nusu nyuzi. Kwa sababu hiyohiyo msiandike 94.00, maana sufuri mbili hizo zinadai mmepima mpaka sehemu ya mia ya nyuzi, jambo ambalo chombo chenu hakina uwezo nalo. Andikeni 94, na pembeni mseme kwamba inaweza kuzidi au kupungua kwa nyuzi moja.

Mtu anaweza kuwaambia kwamba maji yenu yalikuwa na chumvi au uchafu. Uchafu ulioyeyuka hupandisha kiwango cha kuchemka, haukishushi, na hukipandisha kidogo sana: gramu 58 za chumvi ya mezani katika kilogramu moja ya maji, ambayo ni chumvi nyingi kuliko mchuzi wowote unaolika, huongeza nyuzi moja tu. Kwa hiyo hoja hiyo haiwezi kueleza nyuzi 6 zilizopungua.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na linahitaji tutenganishe maneno. Kiswahili cha kila siku hutumia neno joto kwa mambo mawili: tunasema leo kuna joto, na tunasema moto unatoa joto. Katika sayansi, halijoto, ambayo vitabu vingine huiita jotoridi, ni kile ambacho kipimajoto hukisoma, na inatokana na wastani wa nishati mwendo ya molekuli, yaani ukali wa kurukaruka kwao. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na hupimwa kwa jouli. Kikombe cha chai na pipa la maji vinaweza kuwa na halijoto moja ya nyuzi 60, lakini pipa limebeba nishati nyingi zaidi kwa mamia ya mara, kwa kuwa lina maji mengi zaidi. Mtu akishayatenganisha haya mawili, anaona kwamba hakuna sharti kwamba joto likiingia basi halijoto ipande.

Hebu tufanye hesabu kwa namba zenu. Kupandisha kilogramu moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojouli 4.18. Ninyi mlikuwa na kilogramu 0.2, nayo ilipanda kutoka 20 mpaka 94, yaani nyuzi 74. Zidisha zote tatu upate karibu kilojouli 62. Bika lenyewe nalo lilipashwa, na kama lina uzito wa gramu 100 hivi, kioo chake kilichukua kilojouli 6 nyingine. Jumla ni 68 kwa dakika 10, kwa hiyo taa yenu ilikuwa ikiingiza karibu kilojouli 6.8 kila dakika, mbali na zile zilizopotea hewani. Moto ule ule kwa dakika 12 zilizofuata ungeingiza kilojouli 82 hivi. Hizo ndizo unazoniuliza zilikwenda wapi.

Zilitoka pamoja na zile gramu 30 zilizopungua. Kugeuza kilogramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke, bila kubadilisha halijoto yake hata kidogo, kunahitaji kilojouli 2,257 kwenye nyuzi 100, na kwenye nyuzi 94 zinahitajika zaidi kidogo, karibu 2,270. Kwa gramu 30 inakuwa kilojouli 68. Tumetafuta 82 na tumezipata 68, na kwa taa ya spiriti iliyo wazi kwenye maabara yenye madirisha, hayo ni mapatano mazuri kuliko nilivyotarajia. Zile 14 zilizobaki si fumbo. Bika lililo kwenye nyuzi 94 muda wote hupoteza joto hewani haraka kuliko lilivyokuwa likipoteza wakati linapanda kutoka 20, kwa hiyo katika dakika zile 12 sehemu kubwa zaidi ya joto la taa iliishia chumbani. Pengo halisi huenda ni kubwa zaidi kidogo, kwa sababu sehemu ya gramu 30 ilikwishavukizwa kabla ya kuchemka kuanza, na pia kwa sababu kila upimaji wa mizani una wasiwasi wake wa gramu moja au zaidi. Siku mkirudia, pimeni bika lenye maji pale pale kuchemka kunapoanza, na mara nyingine mwishoni, kisha mtumie tofauti ya vipimo hivyo viwili.

Swali lako ni la zamani, na aliyelijibu kwanza alitumia njia inayofanana sana na yenu. Joseph Black, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, mwaka 1762 aliweka maji kwenye chombo cha bati juu ya bamba la chuma lenye moto usiobadilika. Maji yalichukua kama dakika 4 kufikia kuchemka, na dakika 20 hivi kukauka kabisa. Moto haukubadilika, kwa hiyo joto lililoingia katika kukausha lilikuwa mara tano ya lile lililoingia katika kupasha, na bado kipimajoto hakikuonyesha chochote. Black aliliita joto fiche. Kabla yake watu waliamini kwamba maji yakishafika kwenye kuchemka yanahitaji joto kidogo tu la ziada ili yageuke mvuke yote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini, kama ni hivyo, sufuria haikauki kwa ghafla. Ninavutiwa sana na kazi hiyo, kwa sababu ilifanywa kwa chombo cha bati, kipimajoto na saa. Black hakuichapisha, mihadhara yake ilitolewa kama kitabu mwaka 1803, miaka minne baada ya kufariki kwake.

Ni nini hasa joto hilo hufanya? Molekuli za maji hushikana kwa nguvu, kuliko molekuli za vimiminika vingi vyenye ukubwa kama wake, kwa kuwa upande wa haidrojeni wa molekuli moja huvutwa na upande wa oksijeni wa jirani yake. Maji yanapopashwa kutoka 20 kwenda 94, sehemu ya nishati inaongeza kurukaruka kwa molekuli, na kipimajoto kinapanda. Yanapochemka, nishati inayoingia inatumika kuzivuta molekuli kutoka kwenye mshiko huo na kuziweka mbalimbali. Molekuli iliyotoka haina mwendo mkali kuliko iliyobaki. Wastani wa mwendo wake ni uleule wa nyuzi 94. Kilichoongezeka ni nishati tuli, ile inayotokana na nafasi ya kitu, kama jiwe ulilolipandisha juu ya dari: umetoka jasho kulipandisha, lakini ukiligusa huko juu si la moto. Sehemu ndogo ya nishati hufanya kazi nyingine, nayo ni kuisukuma hewa ili mvuke upate mahali pa kukaa, kwa kuwa lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 na mgandamizo wa usawa wa bahari inachukua nafasi ya lita 1,670 hivi. Kazi hiyo ya kusukuma hula karibu kilojouli 170 kati ya zile 2,257, na zote zinazobaki zinakwenda kwenye kuachanisha molekuli.

Nikuonye kuhusu kosa moja ninalolikuta hata kwa wanafunzi wazuri. Wakiulizwa ndani ya kiputo cha maji yanayochemka kuna nini, wengine husema hewa, na wengine husema haidrojeni na oksijeni. Viputo vidogo vinavyojishikiza kwenye kuta za bika mapema, maji yakiwa vuguvugu tu, kweli ni vya hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Vile vikubwa vya kuchemka vimejaa mvuke wa maji, molekuli zilezile zikiwa zimeachana. Kuchemka ni badiliko la hali ya maada, kutoka kimiminika kwenda gesi, na ukiukinga mvuke kwa kifuniko cha baridi unapata maji yaleyale. Namba za nishati zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi: kuivunja kilogramu moja ya maji mpaka ipatikane haidrojeni na oksijeni kunahitaji karibu kilojouli 15,900, mara saba ya zile za kuivukiza. Taa ya spiriti haiwezi kufanya kazi hiyo katika bika.

Haya yote yapo jikoni kwenu. Maharage yanachelewa kuiva Mbeya kuliko Kyela kwa sababu sufuria iliyo wazi haiwezi kupita nyuzi 94 hata ukiirundikia mkaa, na kuiva ni badiliko la kikemikali ambalo kasi yake inategemea halijoto. Anayechochea kuni zaidi wakati sufuria tayari inachemka haivishi maharage haraka zaidi. Anatengeneza mvuke tu na kumaliza kuni. Maji yakishachemka, punguza moto mpaka kiasi kinachotosha kuendeleza kuchemka taratibu, funika, na maharage yataiva kwa muda uleule. Sufuria ya presha inasaidia kwa sababu inaufungia mvuke ndani mpaka mgandamizo unakaribia mara mbili ya ule wa pwani, na hapo maji huchemka kwa nyuzi 120 hivi, iwe Mbeya au Mtwara. Kwa wanaohofia maji ya kunywa, nyuzi 94 zinatosha kabisa kuua vijidudu vya magonjwa. Yaache yachemke kwa nguvu dakika moja, na kwa walio juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Mtungi wa udongo unafanya jambo hilihili bila moto. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, huvukizwa kwenye uso wa nje, na joto fiche la kuvukiza huchukuliwa kutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Kwa kila lita moja, gramu 10 zikivukizwa zinaweza kuyapoza maji hayo kwa karibu nyuzi 6, kama joto la nje halikuingia. Ndiyo sababu mtungi hupoza vizuri Dodoma wakati wa kiangazi kikavu, na hupoza kidogo tu Unguja, ambako hewa tayari imebeba unyevu mwingi. Joto fiche hurudi pia, na hapo linakuwa hatari. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi 100 ikigusa ngozi hutoa jouli 2,257 katika kugeuka maji tu, kabla hata maji hayo hayajaanza kupoa, wakati gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikipoa mpaka nyuzi 37 za mwili hutoa karibu 263. Fungua kifuniko cha sufuria kwa upande usioelekea uso wako, na umwambie hivyo mdogo wako anayejifunza kupika.

Mkipata nafasi ya kurudia zoezi, fanyeni hivi: chemsheni gramu 200 kwa taa moja, kisha gramu 200 nyingine kwa taa mbili pamoja, na kila mara pimeni maji kuchemka kunapoanza na dakika 12 baadaye. Chora grafu mbili kwenye karatasi moja, muda ukiwa chini na halijoto ikiwa pembeni. Mtaona kwamba mstari wa taa mbili unapanda kwa mwinuko mkali zaidi, kisha yote miwili inalala kwenye urefu mmoja, ule wa 94, huku maji yaliyopungua kwenye taa mbili yakiwa maradufu ya yale ya taa moja, au zaidi kidogo. Wapeni grafu hiyo wenzako wanaotaka kuandika 100.